Bangili, tuisheni na usingizi: jibu kwa mama wa Langoni

Swali

Asalaam aleikum. Naandika kutoka Langoni, Lamu. Mume wangu ni mvuvi, nami hukaanga mahamri ya kuuza asubuhi. Mimi niliishia darasa la tano, mwenzangu alisoma chuoni tu, yaani madrasa ya Kurani. Binti yetu ana miaka kumi na mmoja, yuko Gredi ya 5. Ni mtoto mwema, hunisaidia kusukuma na kukaanga kuanzia saa kumi alfajiri. Chuoni anasifiwa, amehifadhi juzuu tatu. Shuleni kila muhula ripoti yasema yuko chini ya matarajio, na walio mbele siku zote ni watoto wa maafisa na wa walimu. Watu waniambia elimu hufuata nyumba, nisijisumbue. Ni kweli? Kuna jirani afundishaye tuisheni kwa shilingi 300 kwa wiki, na kuna akademi, shule ya kibinafsi, ya shilingi 12,000 kwa muhula. Nikiuza bangili zangu naweza kumlipia akademi mwaka mmoja na kidogo. Niziuze?

Jibu

Waalaikumu salaam, mama. Bangili usiziuze kwa sasa. Natanguliza hilo ili usome yaliyobaki moyo ukiwa umetulia. Zina kazi yake, na nitaifikia.

Wanaokuambia elimu hufuata nyumba hawakutungii uongo. Jambo hili limepimwa kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1966 huko Marekani, James Coleman na wenzake walitoa ripoti iliyohusu wanafunzi zaidi ya 600,000. Wengi walitarajia tofauti za alama zitokane na majengo, vitabu na fedha za shule. Ikaonekana kwamba nyumba atokako mtoto, pamoja na wenzake anaosoma nao, vilieleza tofauti hizo zaidi kuliko vitu vya shuleni. Mwaka 1983 Stephen Heyneman na William Loxley wakalinganisha nchi 29, tajiri kwa maskini, wakakuta kwamba katika nchi maskini ubora wa shule na wa walimu una uzito mkubwa zaidi kuliko ulivyo katika nchi tajiri. Tafiti za baadaye ziliona tofauti hiyo ikififia, lakini hakuna hata mmoja aliyeonyesha kwamba nyumba pekee hukata shauri lote. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya maneno ya watu ni kweli. Ile ya "usijisumbue" ndiyo isiyo kweli.

Neno "nyumba" ndilo linalotupoteza. Ndani yake mmefungwa mambo mengi: pesa, Kiingereza cha baba, chai ya asubuhi, saa za kulala, vitabu, mama anayejua amwulize nini mwalimu. Yakiachwa yamefungwa pamoja yanaonekana kama ukoo, kana kwamba mtoto wa afisa kazaliwa nayo. Yakifunguliwa moja moja, utakuta mengine huwezi kuyafikia leo, na mengine hayadai hata shilingi.

Habari ya damu na akili tuiondoe mapema, kwa sababu umeijibu mwenyewe: mtoto aliyehifadhi juzuu tatu hana upungufu wa akili. Lakini usipite hapo haraka. Angalia zile juzuu aliziingiza vipi kichwani. Anakaa mbele ya mwalimu, anasoma aya zake, na mwalimu anamsikiliza yeye. Akiteleza anarudishwa pale pale alipoteleza. Aya ya pili haianzwi mpaka ya kwanza imekaa. Kesho yake, kabla ya somo jipya, anasomeshwa la jana. Na alipoingia chuoni hakuna aliyesema huyu ana miaka minane kwa hiyo aanzie juzuu fulani, alianzia alipokuwa.

Shuleni mambo yako kinyume. Mwalimu ana darasa zima na mtaala wenye ratiba. Wiki hii ni sehemu, wiki ijayo ni desimali, na wote huvushwa pamoja, aliyefahamu na asiyefahamu. Mtoto aliyekosa kusoma vizuri katika Gredi ya 2 hakosi somo moja. Anakosa kila somo linalokuja kwa njia ya kusoma, na hayo ni karibu yote. Ndiyo sababu pengo hupanuka mwaka hadi mwaka bila ya mtoto kuwa mvivu.

Mtoto wa afisa naye huachwa nyuma darasani. Tofauti ni kwamba jioni kuna mtu anayeligundua hilo. Anaambiwa "hebu nisomee hapa", anasahihishwa, anarudishwa nyuma kidogo, kesho anaulizwa tena. Nyumba ile inafanya kazi ya chuo bila kuiita hivyo. Pesa zinasaidia, sikatai, lakini sehemu kubwa ya kinachomweka mbele ni lile sikio la kila jioni. Na hilo, mama, unalo.

Kuna tofauti moja kati ya chuo na shule ambayo lazima uijue. Chuoni mtoto anaweza kuhifadhi vizuri sana kabla hajajua maana ya anachokisoma. Shuleni anapimwa maana, tena kwa Kiingereza. Mtoto mwenye hifdhi kali huweza kuwahadaa wazazi na hata walimu kwa miaka: husikia wenzake wakisoma ukurasa, akaushika wote, kisha akausema huku kidole kikitembea juu ya maneno asiyoyasoma. Kwa hiyo kabla ya kulipia chochote, mpime.

Kumpima ni kazi ya dakika kumi. Azima kitabu cha Kiswahili cha Gredi ya 2 (ya 2, si ya 5, wala usimwonee haya) na uchague kifungu cha maneno kama 60 ambacho hajawahi kukisoma. Weka saa ya simu dakika moja, asome kwa sauti, nawe uweke alama ya penseli pembeni kwenye kila neno alilolikosea au kuliruka. Dakika ikiisha, hesabu maneno aliyoyafikia, utoe yaliyokosewa. Kisha muulize maswali matatu: nani alifanya nini, kwa nini, na wewe ungelifanyaje. Mwisho gusa maneno matano ya katikati ya kifungu, bila mpangilio, umwambie ayasome moja moja. Hapo ndipo hifdhi na kusoma huachana.

Kipimo kilichotumika katika Tusome, mpango wa kufundisha kusoma katika shule za Kenya, ni kwamba mtoto anayesoma kwa ufasaha afikishe maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Usishangae Kiswahili kuwa na idadi ndogo: neno kama "walipomwona" ni moja kwetu, lakini kwa Kiingereza ni maneno manne. Fanya hivyo, na kwa Kiingereza vile vile kwa kifungu kirefu kidogo zaidi, siku tatu tofauti kwa vifungu vitatu, kwa sababu siku ya kwanza atakuwa na wasiwasi.

Akiwa chini ya 45 kwa Kiswahili, shida ni kusoma kwenyewe, na sehemu na desimali zingoje. Akipita 45 kwa Kiswahili na kujibu maswali, lakini Kiingereza kikamkwama, shida ni lugha. Akifanya vizuri kote na alama bado ziko chini, angalia hesabu, kisha macho. Mfumbe jicho moja kwa kiganja, asome bango lililo ng'ambo, halafu jicho la pili. Mtoto asiyeona ubaoni hufanana kabisa na mtoto asiyefahamu.

Sasa usingizi, na hapa nitasema wazi kwa sababu wewe mwenyewe umeandika, ingawa hukuuliza. Mtoto wa miaka sita hadi kumi na miwili anahitaji kulala saa tisa hadi kumi na mbili kwa usiku mmoja. Anayelala saa nne usiku akaamka saa kumi alfajiri amelala saa sita. Mtoto wa namna hiyo darasani hasinzii tu. Hata anayoyasikia hayakai, kwa sababu akili huyapanga mambo ya mchana wakati wa usingizi. Tofauti kati yake na mtoto wa afisa, ikifika saa nne asubuhi, inaweza kuwa hiyo na si nyingine.

Najua mahamri ndiyo sukari, mchele na ada, kwa hiyo tusiseme "aache kazi" hivi hivi. Tupige hesabu. Tuseme unga wa ngano kilo mbili ni shilingi 180, nazi mbili 80, sukari nusu kilo 80, mafuta 150, hamira na iliki 30, makaa 100. Jumla ni 620. Ukipata mahamri madogo 80 ukauza kwa shilingi 10, umeingiza 800, faida ni 180, yaani shilingi 2 na senti 25 kwa kila hamri. Hizi ni namba za mfano, weka zako. Bila mkono wa binti yako siku za shule, labda utatoa 60 badala ya 80. Umepoteza mahamri 20, kama shilingi 45 kwa siku, 225 kwa siku tano. Usingizi wa mtoto wako wa wiki nzima una bei ndogo kuliko tuisheni ya wiki moja. Mimi ningelinunua usingizi kwanza.

Kukanda kufanyike baada ya alasiri, unga uumuke mapema, na Jumamosi na Jumapili akusaidie atakavyo. Siku za shule alale saa mbili unusu usiku, aamke saa kumi na moja unusu, aswali, anywe uji au chai na hamri mbili zake, kisha aende. Kama kuna mdogo wake anayebebwa mgongoni jioni, mzigo huo nao ugawanywe na kaka zake. Katika nyumba nyingi za mwambao kazi za ndani humwangukia binti peke yake huku kaka yake akiwa gatini anacheza, na tofauti hiyo huonekana kwenye daftari.

Hesabu ile ile ya mahamri ndiyo somo la hisabati lililo bora kuliko vitabu vingi. Mpe daftari lake, aandike matumizi na mauzo kila siku. Wiki ya kwanza ajumlishe na kutoa tu. Wiki ya pili agawanye faida kwa idadi ya mahamri, akutane na desimali akiwa anazijua kwa mkono. Wiki ya tatu muulize: unga ukipanda kwa shilingi 20, faida itabaki ngapi? (160.) Baadaye aitafute asilimia: 180 juu ya 620 ni karibu asilimia 29. Kosa linalofanywa hapa ni mama kumjibia kwa haraka kwa sababu wateja wamesimama. Hesabu ifanyike mchana, wateja wakiwa wameondoka.

Na jioni, baada ya isha, nusu saa. Dakika kumi akurudie alichosoma jana, kama chuoni. Dakika kumi na tano asome kipya, kwa sauti, cha kiwango alichopimwa nacho na si cha gredi yake. Dakika tano afunge kitabu akusimulie. Hukusoma mbali, lakini kazi hii haihitaji uwe umesoma mbali, inahitaji uulize "kwa nini?" na usubiri jibu. Babake asiyejua maandishi ya shule naye anaweza kukaa hapo akauliza. Siku anazokuwa nyumbani mapema ziwe zake yeye. Mkifanya siku tano kwa wiki, ni saa mbili na nusu za kusikilizwa peke yake, kitu ambacho hakuna darasa la shule wala tuisheni ya watu kumi itakayompa.

Mnapofanya hivyo, msimkemee kwa kumlinganisha. "Mtoto wa fulani keshafika wapi" ni maneno mepesi kuyatoa, lakini mtoto akisoma huku anaogopa, macho hukimbilia mwisho wa mstari na maneno ya katikati hurukwa. Sahihisha neno, asome sentensi yote upya, endeleeni.

Kuhusu vitabu vya nyumbani, kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2010 na Mariah Evans na wenzake, uliohusu nchi 27. Watoto waliokulia nyumba zenye vitabu 500 walisoma miaka 3.2 zaidi, kwa wastani, kuliko waliokulia nyumba zisizo na kitabu, hata wazazi walipokuwa na elimu na kazi zinazolingana. Vitabu 500 si habari yetu. Ila walikuta pia kwamba vitabu vichache vya mwanzo ndivyo vyenye faida kubwa zaidi kwa watoto ambao wazazi wao hawakusoma. Shilingi zako 300 za wiki moja au mbili zikanunue kitabu kidogo cha hadithi, mbadilishane na majirani watatu, na mtakuwa na vinne. Visikae kabatini vikawa pambo.

Lugha inahitaji neno lake, kwa sababu hapa ndipo watoto wengi wa pwani wanapokwama bila kujulikana. Katika miaka ya 1990, huko magharibi mwa Kenya, Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walipima faida ya kuzipa shule vitabu vya kiada. Vitabu vilipelekwa, na wastani wa alama haukusogea. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari mbele. Sababu haikuwa ngumu: vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi kilikuwa lugha ya tatu, na wengi hawakuweza kuvisoma. Vitabu vile vile, darasa lile lile, na bado aliyekuwa nacho nyumbani akaongezewa. Sera ya Kenya inasema mtoto afundishwe kwa lugha ya mahali hadi Gredi ya 3, na Kiingereza kishike kuanzia ya 4. Binti yako yuko ng'ambo ya daraja hilo sasa hivi, na huenda hakuna aliyemvusha.

Mwambie alete kila siku maneno matano ya Kiingereza kutoka kwenye masomo ya siku hiyo, hasa ya sayansi na yale yanayoanzia maswali ya mtihani: eleza, linganisha, taja, panga, kokotoa. Mtoto anaweza kujua jibu lote akapoteza alama kwa kutaja alipoambiwa alinganishe. Ayaandike, aseme maana kwa Kiswahili, kisha atunge sentensi. Maneno 25 kwa wiki, kwa muhula wa wiki 13, ni 325. Na asome sayansi kwa Kiswahili chake kwanza. Mtoto wa mvuvi wa Lamu anajua bamvua, maji yanapojaa sana, na maji mafu, yanapojaa kidogo, anajua mwezi unapoandama maji yanafanyaje. Akikutana na mada ya mwezi na maji kwa Kiingereza, tayari ana maana. Anakosa jina tu. Mwanasosholojia wa Ufaransa Pierre Bourdieu aliita ujuzi wa nyumbani unaothaminiwa na shule "mtaji wa utamaduni". Nyumba zetu zina mtaji mwingi ambao shule haiuulizi, kwa hiyo mtoto asaidiwe kuubadilisha, asidhani kwamba hana kitu.

Adabu pia iko katika mlango huu. Mtoto wa Lamu hufunzwa asimkatize mkubwa, na hilo ni jema. Darasani lakini, anayenyamaza huhesabiwa kuwa amefahamu. Mfunze sentensi moja na mwifanyie mazoezi nyumbani mpaka imtoke bila kutetemeka: "Samahani mwalimu, hapa sijafahamu."

Tuisheni ya jirani sasa. Mwulize unafundisha nini, na jibu likiwa "tunamalizia homuweki" au "tunarudia ya darasani", weka shilingi zako mfukoni, kwa sababu ya darasani ndiyo yaliyomshinda. Mwaka 2011 Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walichapisha matokeo ya shule 121 za magharibi mwa Kenya, ambako baadhi ya shule ziligawa watoto wa darasa la kwanza kwa kiwango walichofikia. Waliokuwa chini na waliokuwa juu wote walipanda, kwa kuwa mwalimu aliweza kufundisha pale walipokuwa. Jirani akikubali kumfundisha binti yako kusoma kwa kiwango cha kipimo chako, pamoja na watoto wasiozidi watano wanaolingana naye, mara tatu kwa wiki, jaribu wiki nane. Ni shilingi 2,400. Mwisho wa wiki ya nane mpime tena kwa dakika ile ile moja. Kama maneno hayajaongezeka, simamisha bila kugombana. Na ujue kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 hairuhusu shule kuwafanyia watoto tuisheni wakati wa likizo, kwa hiyo ukidaiwa pesa za namna hiyo na shule yenyewe una haki ya kuuliza.

Akademi sitaikashifu, ziko nzuri. Lakini mtoto wa Gredi ya 5 asomaye kwa kiwango cha Gredi ya 2, akiingizwa darasa linaloendeshwa kwa Kiingereza kitupu, atazama upesi kuliko alivyokuwa akizama. Shilingi 36,000 kwa mwaka zitakwisha wakati anaingia Gredi ya 7, arudishwe shule ya zamani, aibu juu ya hasara. Nimeona ni heri uwekeze kwenye shule aliyopo kwa njia ambayo wazazi maskini huiacha kwa heshima: kwenda kuuliza. Annette Lareau, Mmarekani aliyechunguza familia za tabaka mbalimbali, alionyesha katika kazi yake ya mwaka 2003 kwamba wazazi wenye kazi za ofisini huingia shuleni kama watu wenye haki ya kujadiliana, na wale wa kazi za mkono humwachia mwalimu yote kwa kumwamini. Watoto wa wale wa ofisini hupata mengi kwa sababu tu yameulizwa.

Usingoje siku ya mkutano, siku hiyo mwalimu ana wazazi arobaini. Nenda katikati ya wiki baada ya masomo, na babake akiweza aje. Uliza mambo matatu: binti yangu anaketi wapi, ni jambo gani moja nikimsaidia nyumbani litakusaidia wewe, na alama zake za tathmini za shule zimeandikwa ngapi mpaka leo. Hilo la tatu lina uzito mkubwa kuliko linavyosikika. Katika utaratibu wa Baraza la Mitihani, alama za mwisho za Gredi ya 6 hupatikana asilimia 20 kutoka Gredi ya 4, 20 kutoka ya 5, 20 kutoka ya 6, na mtihani wenyewe 40. Mzazi wa ofisini anajua hili tangu mwanzo. Mzazi mwingine hudhani mambo huanza siku ya mtihani. Katika tathmini hizo zimo kazi za mradi, na mtoto aliyekuja bila gundi, manila au kitambaa huandikiwa alama ndogo ingawa kazi anaijua. Mwombe mwalimu akuambie vifaa wiki moja kabla, na umwulize kama chupa, makuti au vitambaa vya nyumbani vinafaa. Mara nyingi vinafaa.

Mahudhurio nayo yahesabiwe. Siku moja ya kukosa kila wiki, kwa muhula wa wiki 13, ni siku 13, zaidi ya wiki mbili na nusu za shule. Kwenu nyinyi hatari ina msimu wake. Muhula wa pili hufunguliwa mwishoni mwa Aprili au mapema Mei, kusi likianza kuvuma, bahari ikichafuka na mashua nyingi zikilala. Pesa hukatika wakati shule inapodai daftari, sare na chakula. Basi msimu wa kaskazi, samaki wakiwa wengi, tenga shilingi 50 kila siku mwenzio anaporudi na kitoweo cha kuuza, uziweke katika chama au kwenye simu, zisiguswe mpaka Aprili. Siku 60 za bahari njema ni shilingi 3,000. Usisahau dawa za minyoo zinapogawiwa shuleni. Utafiti wa Edward Miguel na Michael Kremer ulioanza Busia mwaka 1998 ulikuta kwamba katika shule zilizotibiwa utoro ulipungua kwa robo.

Jambo moja la karatasi kabla sijafika kwenye bangili. Toa cheti cha kuzaliwa cha binti yako leo, ukisome herufi kwa herufi pamoja na kadi yake ya shule. Huku kwetu jina moja huandikwa Mohamed hapa, Muhammad pale, Swaleh huku, Saleh kule, na jina la babu huachwa au kuongezwa. Likitofautiana, usumbufu huja wakati wa kusajiliwa mtihani na tena wakati wa kuomba basari, ambapo siku zimebaki chache na ofisi imejaa watu. Kurekebisha sasa ni safari mbili tatu tu.

Gharama kubwa ya kweli itakuja baada ya miaka mitano, akiingia sekondari ya juu, Gredi ya 10. Kupangiwa shule huko kunategemea alama za mwisho wa Gredi ya 9, zinazokusanywa asilimia 20 kutoka mtihani wa Gredi ya 6, 20 kutoka tathmini za Gredi ya 7 na ya 8, na 60 kutoka mtihani wa Gredi ya 9. Serikali imekuwa ikiweka shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa. Bweni, godoro, sanduku, sare na nauli ya boti na basi hubaki kwa mzazi. Basari ya NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge) na ya kaunti zimekuwapo, na zimekuwa zikiombwa kwa nakala ya cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha mzazi, barua ya shule na karatasi ya ada. Shida yake ni kwamba mara nyingi hutoka baada ya shule kufunguliwa. Katika wiki hizo, kati ya barua ya kuitwa na cheki ya basari, watoto wa maafisa huripoti siku ya kwanza, na mabinti wengine waliofaulu vile vile hubaki nyumbani wakingoja, wiki tatu, muhula, kisha moja kwa moja. Weka bangili kwa ajili ya wiki hizo. Na siku hiyo ikifika, uza mbili kwanza uone, usiuze zote.